Tembo wa Ukutani

"Abuu, mfute huyo tembo."

Abubakari aligeuka juu ya ngazi, brashi mkononi. Chini alisimama mchumba wake, Mwamvua, macho yamevimba. Ukuta ulikuwa wa gesti mpya pale Mikumi, kando ya barabara kuu. Tembo aliyemchora alikwama katikati ya malori na maduka, hajui aende wapi.

"Hii ni kazi, Mwamvua. Na huyu siye yule."

"Yule ulimjua sura?"

Abubakari akashuka. Miezi miwili nyuma, tembo alitokea kwenye miwa kule Ruhembe, akamkanyaga baba yake Mwamvua akipalilia mahindi. Abubakari alikuwa miongoni mwa waliombeba.

"Tumejenga juu ya njia zao, mpenzi. Wapite wapi?"

"Tumejenga? Baba yangu alijenga mji gani? Alikuwa na jembe tu!"

Akaondoka bila kuaga. Jioni meseji ikaingia:

"Siwezi kuolewa na mtu anayemwonea huruma aliyemuua baba. Tuishie hapa."

Abubakari alipiga simu. Haikupokelewa. Siku kadhaa alishinda pale ukutani, kisha akaandika: "Njoo uone. Ukisema nifute, nafuta."

Mwamvua alikuja. Mbele ya tembo palichorwa mzee ameinama, jembe mkononi, mgongo wazi.

"Ni baba," alisema kwa sauti ndogo. "Mbona hana uso?"

"Niliogopa kuukosea."

"Ndivyo alivyokuwa, Abuu. Ameinama. Mama alimwita, hakusikia."

Akalia. Abubakari akamshika bega, naye hakuutoa mkono wake.

Mwenye gesti, Bwana Innocent, akatokea.

"Fundi! Nimekuagiza tembo, unaniletea msiba? Mtoe huyo mzee."

"Nikimtoa yeye, namtoa na tembo."

"Toa wote! Nitatafuta mchoraji mwingine."

Abubakari akafungua ndoo ya rangi nyeupe. Mwamvua akamzuia.

"Nipe brashi. Baba nitamfunika mwenyewe."

Alianzia miguuni, taratibu, akinong'ona dua. Abubakari akamfunika tembo. Malori yalipita nyuma yao, hakuna aliyepunguza mwendo.

Ndoa yao ilifungwa Ruhembe baada ya mavuno, bila ngoma. Aliyemwozesha Mwamvua ni baba yake mdogo, na alipofika kutaja jina la marehemu kaka yake, sauti ilimkatika, watu wakamsubiri.