Sanamu Aliyoiba Mume Wangu Alfajiri ya Mashua

Jamani, nilimwona mume wangu akimwiba mtoto wetu!

Kwa macho yangu haya. Alfajiri ya sherehe ya mashua, ngoma zimenyamaza, watu wamejilaza mchangani... Sanit akainama ndani ya mashua, akachomoa kitu, akakificha chini ya shati.

Ilikuwa sanamu ya Metha, mwanetu.

Nyie msio wa kisiwani kwetu, nisikilizeni kidogo. Kila mwaka tunaunda mashua ya mbao laini. Kila nyumba inamchongea sanamu kila mtu wake aliye hai, inaifungia nywele na kucha zake, inaipakia. Kukicha, mashua inasukumwa baharini na mikosi yetu yote. Asiyepakiwa, mikosi yake anabaki nayo.

Na Metha wangu aliihitaji safari hiyo kuliko wote. Alizamia kutazama mitego ya samaki, hakurudi. Boti yake ilipatikana, yeye hapana. Watu wakaja kunipa pole, nikawafukuza. Pole ya nini? Nani kamwona amekufa?

Kila sherehe tangu hapo nilimchongea sanamu. Nywele nilizitoa kwenye chanuo lake. Mwaka ule ulikuwa umebaki unywele mmoja tu...

Huo ndio uliokuwa chini ya shati la Sanit!

"Nirudishie mtoto wangu!" Nilimkwida mbele ya umati.

"Mama Metha, twende nyumbani tukaongee..."

"Hapa hapa! Unataka mwanangu abaki na mikosi huko aliko? Umechoka kumsubiri?"

"Hebu mwachie mwanaume wa watu," akadakia jirani yangu Lamai. "Kila mwaka wewe na vituko vyako. Mashua inangoja."

"Wa kwako yuko jikoni anakula, Lamai. Funga mdomo!"

Sanit akaanza kulia. Mume wangu huyu halii, jamani. Hata Metha alipopotea hakutoa chozi, na nilimnunia kwa hilo.

"Nipe sanamu," nikasema.

"Siwezi. Mfu hapakiwi. Akipakiwa anazungushwa baharini na mikosi ya walio hai, hapumziki."

"Nani mfu?"

Akaanza kuivuta boti yetu majini.

"Sanit, nani mfu?!"

"Panda boti, nikupeleke."

Binti yetu mdogo, Malai, nikamwachia Lamai. Alimpokea, akambeba.

Njia nzima nilimtukana Sanit. Alinipeleka kile kisiwa kidogo kisichokaliwa na watu, ng'ambo ya kwetu. Nyuma ya vichaka vya mikadi kulikuwa na kaburi. Limezungushiwa makombe ya baharini, limefagiliwa.

Na juu yake... sanamu zangu!

Zote. Zimepangwa mstari, moja kwa kila sherehe. Ya kwanza ilishaoza pua. Nywele za Metha bado zimefungwa shingoni.

"Nilimkuta hapa ufukweni siku chache baada ya kupotea," Sanit akasema. "Ulikuwa na mimba ya Malai, damu inakutoka. Mkunga akaniambia ukipata mshtuko mtoto anakwenda. Nikasema nitakwambia ukijifungua. Ukajifungua. Nikasema akiacha ziwa. Halafu nikawa nakuona unachonga huku unaimba... nikashindwa."

"Kwa hiyo umekuwa ukija kwake peke yako?"

"Ndiyo."

"Mimi namwekea chakula nyumbani nikimsubiri, wewe unamfagilia kaburi?!"

Nilimpiga. Nilimpiga kifuani mpaka mikono ikachoka, na hakujikinga. Kisha tukakaa chini tukalia pamoja, kwa mara ya kwanza.

Unywele ule wa mwisho niliufukia kwa vidole vyangu, pale upande wa kichwa chake.

Tuliporudi, mashua ilishaondoka. Lamai alikuwa amesimama ufukweni, Malai yuko mgongoni kwake.

"Pole, Mama Metha," akasema.

Safari hii niliipokea.

Ndugu zangu, ukimficha mtu msiba wake kwa kumhurumia, humwondolei kilio. Unamnyima matanga tu, na kilio kinamngoja palepale. Sanit nampenda, na bado sijamsamehe. Yote mawili ni kweli.

Sherehe ya mwaka huu ni kesho. Nimechonga sanamu yangu, ya Sanit, na ya Malai. Mkono ukaokota kipande kingine cha mbao wenyewe, kwa mazoea...

Nikakirudisha chini.