Bulon Iliyosikia Uongo

Niambie, ulishasema uongo mdogo, uongo wa mapenzi tu, halafu kesho yake ukaukuta umekuwa kweli, umesimama mbele yako unakutazama? Kama bado, basi sikiliza yaliyompata Chisanga, fundi wa motokari wa pale Naviundu, karibu na daraja.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa kumi na moja. Toka asubuhi mawingu yalikuwa yamejaa juu ya Lubumbashi, meusi kama chini ya sufuria, na mvua haikutaka kunyesha. Chisanga alikuwa amekuja soko la Kenya, mtaa wa humo mjini, kununua sabuni ya kutolea mafuta mikononi. Watu walikuwa wengi, mabega yanagusana. Alipofika kwenye mstari wa samaki wakavu, aliona motokari nyeupe, ya usukani wa kuume, moteri inaunguruma, na mwanamke anashusha vikapu.

Mwanamke huyo alivaa kikwembe, kitenge cha bluu chenye ndege wa manjano, blauzi ya mikono iliyovimba kama maandazi, na nywele zake zilisukwa nyembamba nyembamba mpaka kisogoni. Jina lake Exaucée. Chisanga aliviona vyote hivyo, sitakuficha, lakini kilichomsimamisha ni sauti. Chini ya kifuniko cha moteri kulikuwa na kitu kinalia, kr-kr-kr, kama panya anayetafuna mlango.

"Mama, zima moteri."

Exaucée alimpima toka viatu mpaka kwenye sikio, lililokuwa na alama ya mafuta.

"Nizime? Weye ni nani, polisi ya bamoteri?"

"Miye Chisanga, mécanicien. Minakuomba, zima. Iko kintu inalia mule ndani."

"Inalia juu ya njala. Hata miye niko nalia, sikukula toka asubuhi."

Wauza samaki wakacheka. Chisanga naye akacheka, akawa anatafuta neno lingine la kumjibu, ndipo Exaucée akasema kwamba Ijumaa anakwenda Pweto, safari ya siku nzima na zaidi. Kicheko kikamtoka usoni.

"Courroie ya distribution, balibadilisha lini?"

"Papa njo alikuwa anajua. Na papa alishakufa."

Courroie ni mkanda wa meno unaozunguka ndani ya moteri na kufanya vyuma vyote vikimbie pamoja bila kugongana. Kuuona huwezi, umefunikwa. Chisanga alimweleza polepole.

"Ikikatika mu njia, moteri inajipiga yeye mwenyewe mule ndani, inakufa palepale. Na moteri ikikufa, frein ya kusimamisha motokari inakuwa nguvu kama jiwe. Fikiri, uko kwenye kilima kisha Kasomeno, mu njia ya Pweto, na camion ya mizigo iko nyuma yako."

Exaucée aliweka kikapu chini. Kule Pweto mama yake, Adolphine, alikuwa anamngoja amlete mjini. Macho ya mama yalikuwa yanazimika, na daktari wa macho wa Lubumbashi alikuwa amempa miadi ya Jumatatu. Akikosa Jumatatu hiyo, atangoja mpaka mwezi wa tatu, na mwezi wa tatu labda hakutakuwa na macho ya kutibu.

"Utamaliza mbele ya Ijumaa?"

"Kesho saa kumi utakuwa nayo."

Jumatano, pale kazini kwake Naviundu, Chisanga alitoa gurudumu la mbele la kuume, akatoa mikanda ya nje. Ikabaki bulon moja kubwa, yaani bolti, ile inayofunga puli, gurudumu dogo la chuma kwenye ncha ya moteri. Bila kutoa bulon hiyo, hufiki kwenye courroie. Exaucée alikaa juu ya bidoni la mafuta, kikombe cha munkoyo, kinywaji cha mahindi, mkononi, akimwigiza mteja wake mmoja anayenusa kila samaki kama anatafuta ndugu yake aliyepotea. Chisanga alicheka mpaka ufunguo ukamtoka mkononi. Akatazama saa. Saa nne tu. Saa kumi kazi itakuwa imekwisha, na mwanamke huyu ataondoka na ndege wake wa manjano.

Alikuwa na neno moja la kumwambia. Neno lenyewe lilitaka siku zaidi ya moja. Basi akachukua ufunguo mfupi, akakunja uso, akasukuma kwa nguvu za mtu anayefunga kopo la sukari.

"Inakatala," akasema. "Bulon inakatala kabisa. Kuya kesho."

Saa kumi na mbili jioni simu yake ikalia, ni Exaucée.

"Chisa, bulon inasema nini?"

"Inasema inakupenda, haitaki uende."

"Ni bulon njo inasema, ao ni fundi?"

"Mi niko natafsiri tu, chérie."

"Basi uiambie iache bulozi, iache uchawi yake, miye niko na safari." Na alikuwa anacheka.

Alhamisi alfajiri Chisanga alikuja kutoa bulon kweli. Alileta mpini mrefu, akauongeza kwa bomba la chuma la marehemu baba yake, mzee Zéphirin, aliyefanya kazi ya reli. Akaning'inia na uzito wake wote. Bulon haikusogea hata upana wa unywele. Akamwaga petroli, akachoma kwa moto, akagonga kwa nyundo. Mara ya tano kichwa cha ufunguo kikapasuka na kumchana kiganja. Damu ikadondoka juu ya puli, na bulon ikabaki palepale, nyeusi, kama jicho.

Ilikuwa kana kwamba bulon ilimsikia jana.

Exaucée alifika saa sita na bukari, yaani ugali, na maharage kwenye bakuli lililofungwa kitambaa. Akaona damu.

"Eh, mupenzi, mukono yako!" Neno likamponyoka. Akashika mdomo, na wote wawili wakatazama pembeni. Alikuwa bado anamfunga kitambaa simu yake ilipolia.

"Exau, leo niko naona kivuli tu," mama yake akasema. "Unakuya kesho?"

"Nakuya, mama. Nakuya."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na fundi mwingine, Djo, kijana wa miwani nyeusi na shati jeupe lisilochafuka. Alivuka taratibu, akaegemea motokari, akamwita Exaucée shangazi.

"Tantine, ile kazi ni ya dakika kumi. Jana nilimuona Chisanga na macho yangu. Alishika clé, ufunguo fupi, anajifanya. Anakufunga hapa kama mbuzi."

Exaucée akamgeukia Chisanga. "Jana ulijaribu kweli?"

Chisanga alitazama chini.

"Leo niko najaribu kweli."

"Sikukuuliza leo."

Exaucée akafungua fundo la kile kitambaa alichomfunga, akaacha kining'inie.

"Mama yangu anapofuka, na weye unacheza."

Wanaume wanne wakarudisha gurudumu, wakaisukuma motokari mpaka kwa Djo. Chisanga alipiga simu mara tatu, ikakatwa mara tatu. Mara ya nne Exaucée akapokea.

"Sikia, Chisanga. Labda ile courroie iko mubaya. Labda ni bongo, uongo kama ile ingine. Sasa siwezi kujua tena. Njo kintu ulinifanya. Usinipigie."

Ijumaa asubuhi mawingu yalishuka zaidi, na watu wa Naviundu walikuwa wanaongea kwa sauti ndogo bila kujua kwa nini. Djo alitoa gurudumu tena, akaweka mpini mrefu kwenye bulon, ncha yake ikakanyaga chini. Kuna ujanja wa mafundi: ukigusa contact, ufunguo wa kuwashia, kidogo tu, démarreur, ile mota ndogo ya kuwashia, inazungusha moteri, mpini unazuiliwa na ardhi, na bulon inalegea yenyewe. Ni ujanja mzuri. Lakini kwanza unachomoa waya za kuwashia, ili moteri isije ikawaka. Ikiwaka, mpini ule unaruka na kuzunguka kama panga, na aliye karibu haulizwi jina.

Djo alitaka dakika zake kumi. Waya zilikuwa mahali pake zote nne. Alichuchumaa, mikono miwili juu ya mpini, uso karibu na puli. Exaucée alikaa kwenye usukani, juu tu ya Djo, vidole kwenye ufunguo.

"Tantine, nikisema tatu! Moya..."

Chisanga alikuwa ng'ambo, amesimama tu. Aliona kifuniko kimefunguliwa. Aliona waya.

"Exaucée! Usiguse contact!"

Djo akacheka. "Ameanza tena na bongo yake. Mbili..."

Radi ikanguruma mbali, upande wa migodi. Exaucée alimtazama Chisanga kupitia kioo, vidole bado kwenye ufunguo. Mtu huyu alishamwambia bulon inakatala ilipokuwa haikukataa. Kwa nini amwamini leo?

Chisanga alivuka barabara mbele ya watu wote, mafundi, wauza mkaa, akina mama wa ndoo.

"Juzi nilikudanganya," akasema kwa sauti kubwa. "Bulon haikukatala. Ni miye. Bantu bote basikie. Sasa usiniamini miye, angalia tu mikono ya Djo. Moteri ikiwaka, ile mikono itaenda wapi?"

Exaucée akainama dirishani. Aliona mikono. Aliona na uso, kijana mzuri wa watu, pumzi yake inagonga chuma. Akachomoa ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kikwembe.

Djo alisimama, akarudi nyuma, kisha akarudi nyuma tena.

Chisanga alichomoa waya, moja, mbili, tatu, nne, Exaucée akizihesabu kwa macho. Akafunga mpini kwa kamba, akafukuza watu wote.

"Sasa gusa contact. Kidogo tu, kama unafinya mutoto shavu."

"Weye simama mbali."

"Niko mbali."

"Mbali zaidi, Chisa."

Akarudisha ufunguo, akagusa. KRAA! Mlio ulikuwa kama wa bunduki; njiwa wakaruka juu ya mabati. Halafu kimya, na harufu ya vumbi.

"Chisa?"

Exaucée akafungua mlango.

"Chisa!"

"Niko." Alikuwa amepiga magoti mbele ya puli, anazungusha bulon kwa vidole viwili.

Walipofungua kifuniko cha courroie, hakuna aliyecheka. Courroie ilikuwa imekosa meno saba mfululizo, na ukingo wake umebaki nyuzi nyuzi. Djo alivua miwani.

"Hata Kasomeno isingepita," akasema polepole.

Waliweka mpya pamoja, wote wawili, bila matusi. Saa tisa moteri iliunguruma laini, panya hayupo. Matone ya kwanza yakapiga mabati, makubwa, moja moja. Exaucée alikuwa alale Kasomeno kwa shangazi yake, na alfajiri aendelee.

"Bulon, uliikaza?"

"Na kipimo yake. Hapana na bomba."

"Basi haina shida tena."

"Haina."

Exaucée alikaa kwenye usukani, akangoja neno lingine. Chisanga alikuwa anafuta mikono iliyokwisha kuwa safi. Exaucée akaingiza vitesi, gia ya kwanza, motokari ikasogea kuelekea darajani, na mvua ikafunguka yote kwa mara moja. Ndipo Chisanga alipokimbia, viatu vinazama kwenye matope mekundu, akashika dirisha.

"Exaucée! Ukirudia toka Pweto, kuya kwangu. Hata kama motokari iko muzima. Kuya tu. Ni ile njo nilikuwa nataka kukuambia Jumatano."