Chini ya Mbao za Mninga

Jua lilikuwa linazama Tindiga wakati Marciana aliporudi kutoka dukani na misumari. Alimkuta mumewe, Shimba, amechuchumaa chumbani mwao, kalamu sikioni, anajiona fundi.

Hakuwa fundi. Alikuwa mkulima wa mpunga ambaye biashara ilimnyookea tangu serikali itoe ruksa ya kuuza mazao kwa yeyote. Aliwauzia wachuuzi wa Dar magunia yake, kisha siku moja akaona sakafu ya mbao katika nyumba ya meneja wa mkonge kule Kilosa. Tangu hapo udongo wa nyumbani kwake ulimtia aibu. Kuuliza si ujinga, lakini Shimba hakumuuliza mtu. Alileta mninga kutoka Mikumi, mbichi bado, akalaza mapapi, vile vipande vyembamba vya mbao, juu ya udongo na kuanza kugongelea mbao juu yake.

"Hutakanyaga vumbi tena, Marciana."

Wakati wa mimba Shimba alikuwa akimwita Mama. Mtoto alipozaliwa bila kulia, masika yaliyopita, alirudi kwenye jina.

Marciana alikuwa na jambo la kusema. Kwao mtoto wa namna hiyo huzikwa na wanawake. Bibi Ngolo, mama yake Shimba, alimzika mjukuu wake kwenye kona ya chumba kile, mbali na kitanda, akamnong'oneza mkwewe: mumeo asijue mahali, na pasifunikwe mpaka uzae mwingine. Sasa ubao ulikuwa unasogezwa kwenye kona hiyo. Tangu masika hakuwa na machozi wala uchungu. Hata woga ulimkataa. Akaushikilia ubao, mumewe akaupigilia.

Walirudisha kitanda, wakajilaza.

Ko.

Shimba akainua kichwa.

Ko... ko.

"Mbao mbichi," alinong'ona. "Zinakauka. Zitatulia."

Huenda. Lakini mbao zinazokauka hulia popote, na hizi zilianzia kwenye kona, zikaja polepole... Harufu ya udongo uliolowa ilipanda, na mvua haikuwa imenyesha.

Kila jioni sauti ilisogea. Shimba akaacha kuzungumzia ukavu. Alikula amesimama, mgongo mlangoni. Jioni sauti ilipofika chini ya kitanda, upande wa Marciana, alimshika mkewe mkono. Ulikuwa umetulia tu.

"Kuna nini humu?"

"Mtoto. Mama yako alimzika pale kwenye kona."

"Ukaniacha nifunike?"

"Nilikushikia ubao."

Shimba hakumgombeza. Alichukua mtaimbo, akawasha kandili, akaanza kung'oa kwenye kona. Udongo wa pale ulikuwa umelala kama mama yake alivyouacha, haukuchimbuka hata kidogo. Akashusha pumzi. Kisha akaugeuza ubao.

Upande wa chini ulikuwa na viganja.

Vya tope. Vidogo sana. Akang'oa wa pili, akang'oa wa tatu. Viganja vilifuatana kuelekea kitandani, na kwenye kila ubao vilikuwa vikubwa kidogo kuliko vya ubao uliotangulia. Mtoto alikuwa anakua.

Shimba alisukuma kitanda ukutani, akang'oa mpaka ubao wa mwisho, akazitupa mbao zote uani. Udongo ukabaki wazi chumba kizima. Alisimama mlangoni, jasho likimtiririka.

"Yamekwisha," alisema.

Marciana alikaa ukingoni mwa kitanda. Titi moja liliuma. Ndicho kitu cha kwanza alichokisikia mwilini tangu masika, akashangaa. Akajitazama kifuani. Gauni lilikuwa limelowa.

Maziwa.

Yalidondoka kwenye udongo, katikati ya miguu yake, na udongo ukayanyonya.

Kwa sauti.

"Marciana," Shimba alinong'ona. "Toka humo. Njoo nje."

Marciana aliogopa, hatimaye. Alimwogopa sana mtoto wake, na kumpenda pia. Akafungua vifungo vya gauni, akashuka udongoni.