Nguo Nne za Krismasi

Jua lilikuwa linatua nyuma ya nyumba za mtaa wa Umoja nilipotumwa kwa fundi kuchukua nguo za Krismasi. Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu. Wahadhiri walikuwa wamegoma na chuo kimefungwa. Mimi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu mwenye maoni kuhusu kila kitu, nilikuwa nimerudi kukaa kwa anti yangu, Mama Kivuva, na kutumwatumwa kama mtoto. Nilienda na Nthenya ili abebe kikapu.

Nthenya alikuwa na miaka minane. Anti alimtoa kwa jamaa za mumewe huko Mutomo, Ukambani, akiahidi kumsomesha. Masomo yenyewe yalikuwa kubeba mtoto mchanga na kufua nepi. "Tunaishi naye kama mtoto wetu," anti alipenda kusema. Alipenda zaidi kulisema hilo kanisani.

Fundi Wakiuru alikuwa akimalizia kupiga pasi. Kitambaa kilikuwa cha manjano, chenye miavuli midogo myekundu. Siku hizo watoto wote wa nyumba moja walishonewa kitambaa kimoja, ili wakitoka matembezi kila mtu ajue hawa ni wa nani. Kulikuwa na shati la Kivuva, wa miaka kumi na mitatu, na shati la Mativo, wa kumi. Gauni la Mutheu, wa minane. Na kigauni cha mtoto mchanga, ambaye hata hakujua Krismasi ni nini.

"Kuna kipande kimebaki," Wakiuru alisema akimtazama Nthenya. "Kinatosha gauni la huyu. Nimshonee? Sitaki chochote."

Nthenya aligusa pindo la gauni la Mutheu kwa vidole viwili, akaliachilia haraka.

Ningesema ndiyo, na mambo yangeishia hapo. Lakini niliogopa kelele za nyumbani. "Wacha nimuulize anti kwanza," nikasema.

Nilimuuliza.

"Kitambaa kimebaki?" anti alisema. "Si ashone foronya."

Ikashonwa foronya.

Siku ya pili ya Krismasi tukatoka. Anko Mwanzia, mume wa anti, alikuwa dereva wa ofisi, na alikuwa ameruhusiwa pikapu ya kazini yenye turubai nyuma. Tulienda kwenye maporomoko ya mto Athi, upande wa Donyo Sabuk. Watoto walipanda nyuma na sufuria ya kuku, chapati zilizofungwa kwa taulo, na soda. Nthenya alipanda nao akiwa na beseni la nepi chafu. Alivaa sare kuukuu ya shule ya Mutheu, ya kijivu, iliyofuliwa mpaka ikawa haina rangi.

"Mama Kivuva, nepi nazo zinaenda matembezi?" anko aliuliza.

"Maji ya bure hayo," anti alijibu. "Yeye atakaa tu akiangalia maji?"

Kule mtoni kulijaa watu. Redio, watoto, wapiga picha, harufu ya mahindi ya kuchoma. Tulipata mahali juu ya jiwe bapa, karibu na maji. Hatua chache chini yetu palikuwa na mama mmoja anafua. Siku ya pili ya Krismasi, watu wanakula kuku, yeye anafua.

Nilimtazama kwa sababu ya jambo moja. Manyunyu ya maporomoko yalikuwa yametulowesha sote nywele na nyusi. Yeye alikaa ndani yake kabisa, na hakuwa na hata tone.

Na ile harufu... Haikuwa ya mto. Ilikuwa ya nguo mpya chini ya pasi ya makaa, sekunde moja kabla ya kuungua.

"Una watoto wazuri," alimwambia anti bila kugeuka. "Ni wangapi?"

Nyanya yetu Ukambani hakuwahi kutaja idadi ya watoto wake, wala ya wajukuu, asije akawaitia mabaya. Ukimuuliza ni wangapi, anakujibu, "Wapo." Hiyo tu. Lakini anti alikuwa mtu wa kisasa, na mtu wa kisasa hakosi kujibu swali akiwa na soda mkononi.

"Wanne," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo.

Yule mama akageuka. "Mimi naona watano."

"Huyo?" Anti alicheka. "Huyo hahesabiwi. Ni wa kazi."

Nthenya alikuwa ameinama, anasuuza nepi. Hakuinua kichwa. Aliacha tu kusuuza.

"Haya," yule mama akasema taratibu. "Wanne wamekuja. Wanne watarudi."

Kisha akaendelea kufua.

Nilichukulia ni mwanamke mwenye upweke anayetafuta mazungumzo. Chuoni tulikuwa tumefundishwa maelezo ya kila kitu.

Tulikula. Nthenya alipewa shingo na bawa. Baadaye nilimwona na Mutheu wakicheza nyuma ya mawe, wanacheka, vichwa vimegusana. Nikafurahi. Kwa siku nzima, hiyo ndiyo ilikuwa furaha yangu ya kweli.

Saa kumi na mbili mawingu yakashuka. Watu wakaanza kukimbilia magari. Anko akapiga honi.

"Ndinda!" anti aliniita kutoka kiti cha mbele, mtoto mchanga akiwa mapajani. "Hesabu watoto, twende!"

Niliinua turubai. Ndani giza lilikuwa limeshaingia. Manjano. Manjano. Manjano. Na mmoja mbele kwa mama yake.

"Wanne!" nilisema.

Nikafunga turubai na kubanana mbele karibu na anti. Nthenya? Nilidhani yuko ndani, kwenye kona, na beseni lake. Hapana. Niseme ukweli. Sikudhani lolote.

Tulifika Umoja saa mbili. Taa ya baraza ilikuwa inawaka. Kivuva aliruka wa kwanza, uso umekauka kama mtu aliyetapika. Akafuata Mativo. Kisha gauni la manjano likashuka polepole, mguu mmoja, halafu wa pili.

Ndani ya gauni alikuwemo Nthenya.

Nilicheka. "Kumbe mmebadilishana nguo! Mutheu yuko wapi, amelala huko ndani?"

Anti akanitazama. "Unaongea na nani? Mutheu si huyu."

"Anti, huyu ni Nthenya."

"Ndinda, nimechoka. Usinianze."

Akamwinamia yule mtoto. Akalamba kidole gumba, akamfuta tope shavuni. Kisha akaona kovu mkononi, chini ya kiwiko. Lilikuwa la mwiko wa moto, la mwezi wa Agosti. Nalijua kwa sababu nilikuwepo, na mwiko ulikuwa mkononi mwa anti.

"Woi! Nani amekuumiza hivi, mwanangu?"

"Nimesahau, mama," mtoto akajibu.

Na anti akalibusu kovu.

Nilipanda nyuma ya pikapu. Nikapapasa kila kona. Sufuria. Taulo. Chupa za soda. Hakuna mtu. Hakuna beseni.

"Anko, geuza gari!" Niliruka chini. "Tumemwacha Mutheu mtoni!"

Anko alimtazama mtoto wa manjano kwa muda. Nilidhani ameona. "Ni huyo mwingine hayuko," akasema. "Yule wa Mutomo. Mama Kivuva, tumemwacha mtoto wa watu."

"Atapata pa kulala," anti alijibu akifungua mlango. "Wale hawapotei. Utachoma petroli ya ofisi usiku kwa sababu ya mtu aliyezubaa?"

"Ni msichana mdogo."

"Asubuhi, Baba Kivuva. Asubuhi."

"Anti, sikiliza," nilimshika mkono. "Mtoto wako, uliyemzaa, yuko peke yake gizani kando ya maji. Mtazame huyu! Mtazame uso!"

Aliutoa mkono wangu kama mtu anayetoa uchafu. "Chuo kimefungwa, sasa na akili pia imefungwa? Ingia ndani, majirani wanasikia."

Nikamgeukia Kivuva. "Wewe ulikaa naye njia yote. Huyu ni nani?"

Kivuva alimtazama. Akamtupia mama yake jicho. "Ni Mutheu," akanong'ona. "Wacha tu, Dada Ndinda. Mathe atanichapa."

Lakini usiku huo alikataa kukaa naye kochi moja.

Nilimfuata yule mtoto chumbani, kwenye kitanda cha Mutheu. Alikuwa amelala chali na gauni lake, mikono imenyooka, asilikunje. Alikuwa amelalia ile foronya ya miavuli.

"Nthenya."

Aliendelea kutazama dari.

"Nthenya, mimi sina ubaya na wewe. Niambie tu. Mutheu yuko wapi?"

Aligeuza macho, si kichwa. "Yule mama aliniuliza mimi huhesabiwa wapi. Nikamwambia sihesabiwi." Sauti ilikuwa yake, ile nyembamba ya Mutomo. "Akasema watu wenu wanahesabu nguo. Akasema nimwombe Mutheu tuvalishane, mchezo tu. Mutheu akakubali. Alitaka kujua nepi zinafuliwa vipi."

"Yuko wapi sasa?"

"Anafua."

Ile harufu ilikuwa chumbani. Kitambaa kipya... pasi ya makaa...

"Kesho utasema ukweli," nilimwambia. "Utamwambia anti wewe ni nani."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu mzima anavyotazama mtoto.

"Nilikuwa namwambia kila siku," akasema.

Sikulala. Alfajiri nilikuwa navaa viatu ili niende mtoni peke yangu, ndipo mlango wa jikoni ukagongwa.

Mara tatu. Chinichini.

Anti alinitangulia kufungua.

Msichana alisimama nje na sare ya kijivu, imelowa mpaka inadondosha maji. Miguu ilikuwa imechanika. Kichwani alikuwa na beseni, na ndani ya beseni nepi zote, safi, kavu, zimekunjwa moja juu ya nyingine. Sijui nani alizikausha. Sijui mtoto wa miaka minane alitembeaje kutoka kule mpaka Umoja usiku mmoja. Uso ulikuwa wa Mutheu. Mashavu ya Mutheu, pengo la Mutheu, kila kitu.

"Mama," alisema, akaanza kulia.

Kofi lilimpata kabla hajaweka beseni chini.

"Mama yako ni nani hapa? Ulikuwa wapi? Unataka mimi nishikwe na polisi kwa ajili yako?"

"Mama, ni mimi... ni mimi Mutheu..."

"Sasa umeanza na uongo!" Kofi la pili. "Chai iko kwa sufuria, kama imebaki. Halafu uoshe vyombo vya jana."

Mlangoni mwa sebule mtoto wa manjano alisimama akitazama. Hakucheka. Hakusikitika. Alikuwa anaangalia jinsi mtu anavyopigwa kofi la anti kutoka upande ule mwingine.

Nilijaribu, mnisadiki. Nilileta albamu. Anti alitazama picha ya Mutheu ya mwezi wa Mei, akatazama mtoto wa manjano, akatabasamu. "Amekua, eh?" Nilimwita mchungaji. Alikula mandazi manne, akaniombea mimi. Nilikwenda mtoni mara mbili. Wenye mahindi walikuwepo, wapiga picha walikuwepo. Mama wa kufua hakuna aliyewahi kumwona.

Ikabaki mimi tu. Kila jioni, akiwa anaosha vyombo, nilisimama nyuma yake na kumnong'oneza: "Mutheu."

"Ee, Dada Ndinda."

"Usilisahau jina lako."

"Sisahau. Mama atanijua lini?"

"Kesho," nilimwambia. Mimi, nisiyevumilia waongo.

Mwezi wa Machi chuo kikafunguliwa. Ningeweza kubaki. Nilifunga sanduku siku ile ile barua ilipofika. Nilipoaga, alikuwa amembeba mtoto mchanga mgongoni, nduguye wa damu, anamwimbia wimbo wa Mutomo. Nilimuuliza amejifunzia wapi. Akasema hajui, anaujua tu.

"Mutheu," nilinong'ona.

Aliendelea kuimba. Nililirudia mara tatu ndipo akageuka.

Nilirudi Agosti, muhula ulipokwisha. Basi lilikuwa limenichosha, joto limenimaliza. Anti alinikaribisha vizuri. Mutheu alikuwa mezani, mnene, anafanya hesabu za shule, na alinionyesha kwamba amekuwa wa tatu darasani. Nikampongeza. Nilikaa kwenye kochi, nikavua viatu, nikaita kuelekea jikoni:

"Nthenya, niletee maji."

Aliyaleta kwa mikono miwili, amepiga magoti kidogo, kama alivyofunzwa. Mkono wa kulia ulikuwa na alama mpya ya moto. Nilipokuwa napokea gilasi nilijua kuna kitu nilipaswa kukitafuta katika uso ule. Nikautazama kwa makini, paji, mashavu, pengo la meno.

Ulikuwa uso wa msichana wa kazi.

"Asante," nikasema.

Hakuondoka mara moja. Alisimama mbele yangu, mikono nyuma, ananitazama mdomoni, kama mtu anayesubiri neno moja zaidi.

Nilikunywa maji yote. Nikamrudishia gilasi.