Baba Hakuwa Uganda

Kila Alhamisi Kaliza alipotoka shule, alimkuta mama yake, Mukasine, ameshafunika cherehani na kuvaa viatu vya kutokea. Na kila Alhamisi Kaliza alimpita pale mlangoni, akaingia jikoni na kuanza kuosha sufuria kwa kelele ambazo mtaa mzima wa nyuma ya Gisimenti, jijini Kigali, ulizisikia.

"Twende, mwanangu," mama alisema. "Mshauri Illuminée anataka familia yote ifike kituoni."

"Aliyekuwa anakunywa ni nani, mama? Mimi?"

"Baba yako ni mgonjwa, Kaliza."

"Basi mgonjwa ndiye atibiwe. Mimi nina mtihani wa kumaliza shule ya msingi."

Mama aliondoka peke yake kwenda kupanda basi. Kaliza alibaki akisugua sufuria iliyokwisha kutakata.

Msimlaumu haraka. Mwaka uliotangulia, siku ya wazazi, baba yake Gasana alifika shuleni akiwa amelewa kanyanga, ile pombe kali ya magendo, miwani yake ya kuchomelea vyuma ikiwa bado utosini. Alimkumbatia mwalimu mkuu akimwita shemeji, kisha akatapika kwenye maua ya shule. Watu wazima, watu wenye akili zao, walicheka hadi wakashika mbavu. Tangu siku hiyo wanafunzi wenzake walimwita Kaliza "Binti Kanyanga". Alimchukia baba yake, na hakuona aibu kusema hivyo.

Gasana alipokubali hatimaye kwenda kwenye kituo cha kutibu ulevi, mama aliwatangazia majirani kwamba mumewe amepata kazi ya kuchomelea mageti Mbarara, Uganda. Kaliza aliagizwa aseme hivyohivyo. Kwa miezi mitatu alisema. Dukani kwa jirani yao Twizeyimana alisema, kanisani alisema, na kila aliposema alihisi kama anameza jiwe. Walikuwa wakidanganya kwa ajili ya mtu aliyewaaibisha! Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Baba alirudi Jumatatu moja, amekonda, macho yake meupe kama ya mtoto. Alisalimia kwa sauti ya chini, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Kaliza alimjibu bila kumtazama.

Ijumaa mama alimwita kando. "Kesho ni umuganda, na kazi ikiisha watu watakunywa. Mshauri amesema baba asiachwe peke yake kwenye pombe. Mimi nitakuwa na kina mama. Wewe ukae karibu naye."

"Nimekuwa askari wake?"

"Wewe ni binti yake."

Kaliza alirudi jikoni bila kukubali.

Jumamosi hiyo ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya kujitolea, mtaa mzima ulitoka na majembe na makoleo kuzibua mtaro uliokuwa ukimwaga maji ya mvua kwenye nyumba za bondeni. Gasana alifanya kazi ya watu wawili. Alichimba bila kuinua kichwa, akabeba mawe ambayo vijana waliyaogopa. Mkuu wa mtaa alipomaliza kusoma matangazo, watu walisogea kwenye baraza ya duka la Twizeyimana. Kaliza alimwona baba yake akiangaza macho kumtafuta. Akageuza uso na kwenda kukaa na wasichana wenzake.

Twizeyimana alitoka na dumu la urwagwa, pombe ya ndizi, akachomeka mrija. Alikuwa mtu mkunjufu, mwenye Kiswahili cha stendi ya Nyabugogo, alikojifunzia alipokuwa akipakia mizigo kwenye mabasi.

"Leo ya kwanza ni ya mtu ya Uganda!" alisema kwa sauti. "Karibu nyumbani, ndugu yangu!"

Akainama, akavuta mrija mbele ya watu wote na kumeza. Ndiyo desturi. Mwenye pombe huonja kwanza ili mgeni ajue haina sumu. Na mgeni akikataa baada ya hapo, ni kama amemwita mwenyeji wake muuaji. Twizeyimana alimsogezea Gasana dumu.

"Asante," Gasana alisema. "Tumbo linanisumbua."

"Tumbo gani? Sasa hivi ulibeba mawe kama tingatinga!"

Watu wakacheka. Gasana hakucheka. "Nisamehe leo, ndugu yangu."

Uso wa Twizeyimana ulibadilika. "Mimi nimeonja, watu yote wameona. Unaogopa nini? Iko sumu ndani?"

Kicheko kikakatika. Mzee mmoja akaguna. Gasana alimtazama mkewe upande wa kina mama, na Mukasine, aliyeujua ukweli wote, akainamisha macho chini. Hapo mkono wa Gasana ukaanza kuufuata mrija.

Hasira iliyompanda Kaliza hakuwahi kuijua. Alimkasirikia baba kwa mkono ule. Alimkasirikia mama kwa macho yale, na wale waliocheka siku ya maua na sasa wanamkodolea macho. Alijikasirikia hata yeye mwenyewe, aliyekuwa amekaa mbali. Alijikuta katikati ya wanaume, ameuchomoa mrija na kuutupa mtaroni.

"Baba hakuwa Uganda!" alipiga kelele. "Alikuwa anatibiwa pombe, miezi mitatu! Alipotapika shuleni mlicheka wote. Leo mnampa nyingine ili mcheke tena?"

"Kaliza!" mama alilia.

"Mtoto gani huyu asiye na adabu?" mzee yule alifoka.

"Mwacheni," Gasana alisema. Alisimama, na midomo yake ilikuwa imekauka. "Mtoto anasema kweli. Mimi ni mgonjwa wa pombe. Nikimeza funda moja, nimekwisha."

Kaliza alitegemea watu wacheke. Badala yake Twizeyimana aliutupa mfuniko wa dumu chini kwa nguvu.

"Kwa nini hukuniambia?" alinguruma. "Ningekupa Fanta! Miaka kumi tunaishi ukuta kwa ukuta, halafu unaniacha nikuue kwa mkono yangu mwenyewe? Kisha nije kulia kwenye msiba yako?"

Akaingia dukani na kubamiza mlango. Watu wakatawanyika mmojammoja.

Nyumbani mama aliwaka. "Umetuvua nguo mbele ya mtaa!"

"Nguo gani, mama? Alikutafuta kwa macho, ukatazama chini!"

Mukasine alimgeuzia mgongo. Alikaa kwenye kiti cha cherehani akalia, na Kaliza naye akalia, kila mmoja kwa hasira yake.

Kesho yake baada ya ibada, mlango ulibishwa. Alikuwa Gaudiose, mke wa Twizeyimana. Kaliza alidhani amekuja kuwagombeza. Gaudiose alikaa, akakunja na kukunjua kitambaa chake.

"Mdogo wangu Johnson," alisema, "tunawaambia watu yuko masomoni Musanze. Hayuko Musanze. Yuko kwenye chumba chetu cha nyuma. Anakunywa kanyanga, akilewa anavunja vyombo, na mimi nafungulia redio ili msisikie." Akamgeukia Gasana. "Jana mume wangu hakulala. Alisema, kama Gasana ameweza kusimama, sisi tunaficha nini? Mlianzaje?"

Kaliza alimtazama mama yake, na mama akamtazama yeye. Redio ile walikuwa wakiisikia kila siku, na walidhani jirani anapenda muziki.

Alhamisi, Kaliza alipotoka shule, hakwenda jikoni. Waliondoka wote, pamoja na Gaudiose na mumewe. Kituoni, Illuminée, mama mnene mwenye sauti ya upole, aliwakalisha kwenye viti vilivyopangwa kwa duara.

"Kaliza," alisema, "nimekusubiri kwa miezi mitatu. Una neno kwa baba?"

"Nina hasira," Kaliza alisema.

"Mwambie yeye, usiniambie mimi."

Alimwambia. Alimwambia kuhusu maua na jina la Binti Kanyanga. Alimwambia kuhusu kusema "Mbarara" mara mia, na kuhusu Jumamosi, alipoona anatafutwa akageuza uso makusudi. Gasana hakujitetea hata kwa neno moja. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta. "Sema yote," alisema. "Ni yangu."

Twizeyimana alikohoa. "Mimi pia nina neno. Kuanzia sasa, kwenye baraza yangu, mtu akikataa mrija hataulizwa sababu. Nimeshamwambia mkuu ya mtaa, na yeye atatangaza."

Illuminée aliitikia kwa kichwa, ameridhika. "Mnaona? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Anayekunywa pombe ni mmoja, lakini uongo wa kumficha hunywewa na nyumba nzima, na jirani asiyejua kitu ndiye anayekuja kumwekea mgonjwa mrija mdomoni. Gasana asingepona peke yake hapa kituoni, kwa sababu haishi kituoni. Anaishi kwenu. Familia ikisimama naye hadharani, mtaa nao hujua pa kusimama. Wiki iliyopita nilikuwa na familia moja kutoka mtaa wenu. Leo ziko mbili."

Kisha akamwinamia Kaliza. "Na wewe, mwanangu, hasira yako ilikuwa ya haki. Kosa lako lilikuwa kubaki nayo jikoni. Hapa ingemsaidia baba yako tangu siku ya kwanza."

Kaliza alifuta pua kwa mkono wa sare ya shule. Alimtazama baba yake usoni kwa mara ya kwanza tangu arudi.

"Alhamisi ijayo nitakuja tena," alisema. "Bado sijamaliza kukukasirikia."

"Njoo, mwanangu," Gasana alijibu. "Utanikuta."