Betri ya Mama Mdogo Biasha

Ilikuwa asubuhi ya kawaida tu. Nilitoka kwangu, mtaa wa Picha ya Ndege, kwenda Kisarawe kumjulia hali mama mdogo Biasha, nikamkuta barazani anapepeta mchele. Alikuwa na betri ya moyo, kidude kigumu chini ya ngozi ya kifua. Bila hicho moyo wake ungesimama. Tulizoea kumtania kwamba umeme ukikatika, yeye peke yake ndiye anayewaka.

Simu yake ikaita, akaiweka spika. Alikuwa Daktari Onesmo, aliyemwekea betri hiyo. Akaeleza kwa upole kwamba betri za aina ile zilitolewa kwa wagonjwa waliofariki, zikasafishwa ili zitumike tena, na sasa imegundulika hazikusafishwa sawasawa. Zote zinarudishwa.

"Basi nije leo uitoe," mama mdogo akasema.

"Subiri kidogo, mama. Mpya haijafika."

Jamani! Mtu ana kitu kibovu kifuani, unamwambia asubiri? Nilitukana, Mungu anisamehe.

Mama mdogo akarudi kwenye ungo. Ghafla mikono ikasimama. Akanong'ona kwa sauti nzito ya kiume, "Changu kiko wapi?"

Mumewe, baba mdogo Kitwana, akatoka ndani, akakimbia kumwita jirani yao Bi Zuwena, mganga wa pepo. Kwetu pepo huulizwa anataka nini, kisha huombwa muda: asubiri mpaka mavuno, au mwakani. Hapewi ahadi kabla ya kuombwa muda.

Bi Zuwena akafukiza ubani. "Wewe nani?"

"Walinipasua wakachukua. Nimezikwa na shimo kifuani."

"Unataka nini?"

"Changu."

Baba mdogo akadakia, "Chukua! Chukua, uniachie mke wangu!"

Bi Zuwena akajishika kichwa. "Kitwana! Umeahidi bila kuomba muda!"

Mama mdogo akazinduka. Akanitazama kama mtoto. "Anakuja," akaninong'oneza. "Mwanangu, nishike."

Baba mdogo akatoka mbio kutafuta gari. Nikampigia daktari. Hapokei. Nikapiga tena. Hapokei.

Nikaweka kiganja juu ya kile kidude. Kilikuwepo. Kigumu. Nikakibana kwa nguvu zangu zote.

Kikasogea.

Nikabana zaidi. Kikavutwa ndani. Vidole vyangu vikabaki vimeshika ngozi tupu. Nikalia, nikamwita kwa jina lake. Alikuwa ameshakata roho.

Wakati wa kumwosha nilipapasa kifua chote, nikapapasa na mgongo. Kovu la upasuaji lilikuwa limefunga vilevile kama siku zote. Hakuna jeraha, hakuna damu. Kidude hakimo.

Daktari Onesmo alikuja msibani. Alitupa pole, akakaa, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama tuliitoa ile betri, maana inatakiwa irudishwe.

Nikamwambia tumemzika nayo.

Ningemwambia nini?