Mkutano Uliogongana na Idi

Nasma alimkanyaga Miraji mguu katikati ya msongamano wa soko la Ngamiani, baibui lake likinukia udi, kitambulisho cha chuo kikuu kikining'inia shingoni.

"Samahani kaka. Natafuta viti mia vya kukodi."

"Umefika. Mwenye viti ndiye huyo uliyemvunja kidole," Miraji alimjibu, akicheka.

Viti vilikuwa vya mkutano wa siku moja wa wanasayansi wanaochunguza ulimwengu ulivyoanza. Nasma, mhadhiri mwenye udaktari wa elimu ya nyota, ndiye aliyeuandaa. Wiki haikuisha, wawili hao wakawa hawalali bila kupigiana simu.

"Daktari wangu, umeamkaje?"

"Nimeamka nawe kichwani, mchokozi wewe!"

Ramadhani ilipokuwa inaelekea ukingoni, Nasma akawatangazia wenzake chuoni: kwa hesabu zake Idi ni Ijumaa, mkutano Jumamosi. Miraji, aliyekuja kupima ukumbi, akasema taratibu, "Daktari, tungoje mwezi uandame. Mawingu ya siku hizi hayaaminiki."

"Jamani!" Nasma akacheka. "Mpanga viti anifundishe mimi mwezi?"

Wenzake wakaangua kicheko. Miraji akakunja futi yake, akaondoka. Tangu hapo simu za Nasma hakupokea.

Alhamisi jioni mawingu yakatanda pwani nzima. Mwezi ulikuwepo, ila hakuna aliyeuona. Idi ikawa Jumamosi, na mgeni wao, Profesa Brightness kutoka Dodoma, alikuwa anaondoka Jumapili, hivyo mkutano haukuweza kuahirishwa.

Walikuja watu sita tu: profesa huyo na wenzake Nasma watano wa chuoni. Viti mia, Miraji alikuwa ameshavileta, kavipanga na kuvifuta vumbi kimoja kimoja, bila kumtafuta Nasma. Nasma alivitazama akatamani ardhi immeze. Kile kicheko chake kilimchoma kuliko ukumbi mtupu.

Saa saba mchana akawachukua wote sita hadi nyumbani kwa Miraji, mtaa wa Chumbageni. Miraji alitoka mlangoni na kanzu nyeupe, mama yake nyuma.

"Shikamoo mama." Nasma alisalimia. "Miraji, nilikudharau mbele ya wenzangu hawa, nimewaleta wasikie. Ulisema kweli, nikakucheka. Naona haya hata kukutazama. Nisamehe."

Miraji akawafungulia wageni mlango wazi.

"Idi njema, karibuni ndani," aliwaambia. Kisha akamgeukia Nasma. "Na wewe umesimama nje kama mgeni. Pilau nani atawapakulia?"

Nasma akavua viatu, akaingia jikoni analia waziwazi. Mama akamfunga kanga kiunoni, akampa upawa.

"Lia tu, mkwe wangu. Ila machozi yasiingie sahanini."